Sabuni Tumepeleka, Kitabu Je?





Juma hili tunaomba kusema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yetu, nasi wenyewe tukiwa wa kwanza kustahili lawama. Kwaresima hukusanya sabuni, sukari na kandambili, tukaenda kuwatembelea watoto wasioona wa Shule ya Msingi Furaha hapa Tabora, tukapiga picha, tukarudi majumbani tumeridhika. Hatujawahi kuwauliza wanasoma nini. Katika Injili ya Marko, sura ya 10, umati uliomkaripia Bartimayo ili anyamaze haukuwa umati wa wapagani. Walikuwa watu walioandamana na Yesu. Naye Bwana, aliyejua vyema kwamba mtu yule haoni, alimwuliza hata hivyo anataka afanyiwe nini.

Mji huu hauna kisingizio cha kukosa vitabu. Wamisionari wa Afrika walifika hapa mwaka 1878 kwa njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwatangulia, vinywani mwa wapagazi na wafanyabiashara. Baadaye Kipalapala ikapata kiwanda cha uchapaji, Tanganyika Mission Press, ambacho wazee wetu hukiita TMP tu. Gazeti la Kiongozi lilianzia huko mwaka 1950. Vitabu vya sala na vya mafundisho vilivyochapwa miaka ile vingalimo makabatini mwetu, ila mchwa amekuwa msomaji mwaminifu kuliko sisi.

Vijana wa parokia wameanza kuvipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Tunawapongeza, na hapo hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia, kwa maana wanadhani kazi imekwisha. Picha ya ukurasa, kwa asiyeona, ni kitabu kilichofungwa tena. Lazima kompyuta iyatambue maandishi kwanza, ndipo programu ya sauti iweze kuyasoma au mashine iyachape kwa nukta nundu. Na kompyuta hukosea. Herufi m huigeuza kuwa r na n, dhambi ikawa dharnbi, na sauti ikitamka hivyo hakuna anayeelewa. Kibaya zaidi ni kosa linaloacha neno zima mahali pake. Alikuja huwa alikufa. Herufi h ikifutika ukingoni, hatasamehewa huwa atasamehewa, na hapo tumefundisha uzushi pasipo kukusudia. Namba ya ukurasa nayo hujipenyeza katikati ya sentensi, hata mtu akisali Salamu Maria asikie ghafla: arobaini na saba.

Tumeambiwa kwamba siku hizi akili mnemba itasahihisha yote. Tunakiri kwamba mashine za leo husoma vizuri kuliko za miaka 20 iliyopita. Lakini zinapokosa kuona, hubuni neno linalofanana na sahihi, na kosa la namna hiyo halionekani mpaka mtu mwenye kitabu mkononi alinganishe neno kwa neno. Mwenye macho huweza kukitazama kitabu chenyewe. Asiyeona atafanyaje? Tunamdai aamini tulichokuwa wavivu kukihakiki.

Mwingine, mtu msomi tunayemheshimu, alituonya kwamba huu ni wizi wa haki za waandishi. Hoja yake ilikuwa na uzito zamani. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2016, unaziruhusu taasisi zisizotafuta faida kutengeneza nakala kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kumwomba mwenye haki ruhusa. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Taratibu za kisheria tuzifuate, ndiyo. Tusizifanye pazia la uvivu.

Huko Marekani maktaba ya Bookshare, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilijengwa kwa mikono ya watu wa kujitolea waliopitisha vitabu kwenye skana na kusoma prufu. Kundi jingine, Distributed Proofreaders, tangu mwaka 2000 humpa kila msomaji ukurasa mmoja mmoja. Tusingoje watu hao watufanyie Kiswahili. Nani kati yao atagundua kwamba ng'ombe amepoteza ritifaa yake? Kazi hii inawangoja walimu wastaafu, makatekista, akina mama wa WAWATA, wanakwaya wanaojua kubishana juu ya silabi moja saa nzima. Mpagazi wa Kinyamwezi hakubeba msafara wote. Alibeba mzigo wake, akautua Bagamoyo. Kurasa 5 kwa juma ni mzigo mwepesi mno kwa wajukuu wake.

Tunaanza Jumamosi hii ukumbini, baada ya Misa ya asubuhi. Njooni na miwani. Asiyejua kompyuta atasoma kitabu kwa sauti, koma na nukta zote zikitajwa, huku mwenzake akifuatilia kwenye skrini. Tumemwomba mwanaparokia mmoja asiyeona awe wa mwisho kusikiliza kila sura. Yeye akiikataa, sura itarudi mezani, hata kama iliyosahihisha ni kalamu ya padre.