Kabla Hujavuka Mpaka kwa Jina la Misheni



Kila mwaka ukaribiapo kwisha, watahiniwa wa kidato cha sita wanapoweka kalamu chini na kuanza ile likizo ndefu ya kungojea matokeo, hunijia vijana wakiwa na fomu mikononi. Wanaomba niwaandikie barua ya utambulisho, kwa kuwa kanisa lao linaandaa safari ya misheni ya siku saba au kumi katika nchi jirani: Tanzania, Kenya, Sudan Kusini, au Kongo. Fomu huuliza umri wa mwombaji, kundi lake la damu, na kama ana kipaji cha kuimba. Haiulizi kamwe kama anaijua lugha ya watu anaokwenda kuwahudumia.

Nina neno juu ya safari hizi, na nalisema nikiwa Mkristo aliyewahi kwenda. Kijana asiyealikwa na wenyeji, asiyeweza kumwamkia mzee kwa lugha ya mahali pale, na asiyejua kazi anayokwenda kuifanya ni riziki ya nani, naona heri abaki nyumbani kwanza. Najua neno hili litawaudhi baadhi ya wachungaji wangu. Nisikilize hata hivyo.

Tuanze na kitenzi chenyewe, maana darasani tumekichambua mara nyingi. Kuna kutoa. Tukiingiza kiambishi cha kujirejelea tunapata kujitoa. Tukiongeza kauli ya kutendea tunapata kujitolea, yaani kuitoa nafsi yako kwa ajili ya mtu au jambo fulani. Kauli ya kutendea humdai mtendewa. Haikamiliki mpaka ijulikane nani anayefanyiwa. Ukiiondoa kauli hiyo unabaki na kujitoa, neno ambalo pia huweza kuwa na maana ya kujiondoa katika shughuli. Nimeona safari kadhaa zilizoanza kwa neno la kwanza zikaishia kwa la pili.

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na vijana 22 wa mji wetu wa Masaka nikiwa mkalimani wao. Tulivuka mpaka pale Mutukula kwa basi la kukodi, tukafika kijiji kimoja katika Wilaya ya Missenyi, mkoani Kagera, kabla ya daraja la Kyaka. Kazi yetu ilikuwa mbili: mchana kuijengea shule ya msingi choo cha matundu manne, jioni kuhubiri na kutoa ushuhuda.

Saa ya kwanza ilitosha kutuonyesha tulivyo. Kijana mmoja, mchangamfu na mwenye moyo mwema, alimwendea mzee wa kanisa mikono ikiwa mifukoni, akasema kwa furaha, "Mambo!" Mzee alikuwa anangoja shikamoo. Alitabasamu, akasema karibuni, akageukia mizigo yetu. Mwingine alimwambia mama aliyetupokea, "Nataka maji." Wewe unayejifunza Kiswahili hapa Uganda wajua kwa nini alisema hivyo: alitafsiri moja kwa moja kutoka kichwani mwake, na sarufi yake haina dosari. Lakini mgeni haambii wenyeji anachotaka, huomba. Kosa la namna hiyo siwezi kulisahihisha kwa kalamu nyekundu, kwa sababu halimo katika daftari.

Katika kundi letu alikuwamo binti mmoja mpole kutoka nyumba ya Wanyankole. Hakuwa mwimbaji wala mhubiri. Siku ya kwanza aliingia jikoni kusaidia kumenya ndizi, akaanza kuzungumza Runyankole, na wale akina mama wakamjibu kwa Kihaya, maana lugha hizo mbili ni ndugu wa karibu. Kufikia jioni alikuwa anawajua watoto wao kwa majina. Sisi wengine tulikuwa tunayajua majina ya mahubiri yetu.

Usiku wa pili, kijana aliyepewa zamu ya kuhubiri alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba tumetoka mbali kuwaletea nuru watu waliokaa gizani. Nilisita. Mbele yangu aliketi mwinjilisti mzee aliyebatizwa kabla baba yangu hajazaliwa. Mkoa ule ndio uliomtoa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kufanywa kardinali, mwaka 1960. Gizani wapi? Nikatafsiri hivi: "Tumekuja kushirikiana nanyi katika nuru mliyo nayo." Watu wakaitikia amina kwa sauti kubwa, na mhubiri akadhani wameitikia maneno yake. Mpaka leo sijui kama nilitenda dhambi. Mkalimani hana ruhusa ya kubadili ujumbe, nami nawafundisheni hivyo. Usiku ule niliubadili.

Jioni ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mzee mmoja, ambaye hakuwa akihudhuria mikutano yetu, alikuja kuketi nami nje. Aliniuliza tunatoka upande gani wa Uganda. Nilipomjibu Masaka, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mara ya mwisho kuona kundi la vijana wa Uganda likiingia kijijini kwao ilikuwa Oktoba 1978, nao walikuwa na bunduki. Alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu. Alivuka Mto Kagera kwa miguu pamoja na mama yake kabla askari wa Idi Amin hawajalilipua daraja la Kyaka. Ng'ombe wao walichukuliwa wote. Waliporudi hawakukuta nyumba.

Hakulisema hilo kwa chuki. Alikuwa ananieleza tu kwa nini wazee kadhaa hawakutoka nje basi letu lilipoingia. Nami nikamsimulia habari za upande wetu, jinsi Masaka ilivyobomolewa majeshi ya Tanzania yalipoingia Februari 1979, na jinsi shangazi zangu wanavyoyataja magofu yale kana kwamba bado yapo. Tulikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza bei ya kahawa kwetu.

Kati ya vijana wale 22 hakuna aliyekuwa na habari ya vita hivyo zaidi ya jina la Amin. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya nyimbo kwa wiki sita, na hakuna aliyetenga hata saa moja kutufundisha historia ya barabara tuliyopita. Hapo ndipo somo la uraia na safari ya kanisa hukutana, ndugu msomaji. Unapovuka mpaka huvuki kama wewe peke yako. Unavuka ukiwa na nchi yako mgongoni, pamoja na deni lake, na mwenyeji huliona deni hilo kabla ya kuiona Biblia yako.

Nikirudi kwenye choo: siku zote tano za ujenzi mwanamume mmoja alikaa kivulini akitutazama tukipanga matofali. Nilidhani ni mvivu, tena nilimfikiria hivyo kwa sauti, Mungu anisamehe. Siku ya nne nilimwendea. Kumbe ndiye fundi mwashi wa kijiji. Shule ilikuwa imemwahidi kazi ile. Tulipopatikana sisi wa bure, ahadi ikaisha. "Mwalimu," aliniambia, "mimi siwalaumu. Ila kazi hii ndiyo ingelipa sare na madaftari ya mwanangu." Ukuta wetu, niseme ukweli, ulikuwa umepinda. Baadaye mwinjilisti alinieleza kwa simu kwamba fundi yule aliibomoa mistari mitatu ya juu na kuijenga upya, bila malipo, kwa kuwa hakutaka uwaangukie watoto. Nauli ya basi letu peke yake ingetosha kumlipa yeye na msaidizi wake, na saruji ingebaki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulilinyakua jembe siku ya kwanza, tukapiga nalo picha. Wakati huohuo akina mama sita waliacha mashamba yao ili kutuchotea maji na kutupikia ndizi, maharage na dagaa mara tatu kwa siku. Sijui kama neno kuhudumu lilikuwa upande wetu au wao.

Mwaka 1968 padri mmoja mzaliwa wa Vienna, Ivan Illich, alisimama mbele ya vijana wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda Mexico kujitolea, akawaambia bila kupepesa macho kwamba nia zao njema hazimsaidii mtu. Aliwakaribisha Mexico kutazama, kupanda milima na kusoma, kusaidia, hapana. Maneno yake bado yanachoma, na ningependa kila kiongozi wa vijana ayasome. Lakini sikubaliani naye hadi mwisho, na sababu yangu ni mtu mmoja wa hapahapa Uganda.

Apolo Kivebulaya alikuwa Muganda aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alitoka Toro akavuka kwenda Mboga, mahali ambapo leo pako Kongo. Hakupokewa kwa matarumbeta. Alinyimwa chakula, akapigwa, akakamatwa na kurudishwa Toro kama mshtakiwa; naye akaenda tena. Alijifunza lugha za watu aliowakuta, hata akashughulika na lugha ya Wambuti wa msituni, ambao wengi wa majirani zao waliwadharau. Alifia Mboga mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi ya kanisa lake, kwa kuwa kazi ilikuwa bado inaelekea huko. Huyu naye alivuka mpaka bila kuombwa na wengi, utaniambia. Ni kweli. Ila alikaa. Aliwapa wenyeji wake miaka ya kumkemea, kumzoea na kumrekebisha. Siku saba hazimpi mwenyeji nafasi hata ya kukuambia umekosea.

Nasi tunaopokea wageni tusijione wateule katika hadithi hii. Kila Julai vijana wa Marekani na Uingereza hufika katika miji yetu wakiwa na fulana za rangi moja, na sisi huwaachia mambo ambayo tusingemwachia kijana wetu wa umri uleule. Wewe ungekubali mwanafunzi wa kidato cha tano akudunge sindano? Huko Jinja mwanamke mmoja Mmarekani asiye na mafunzo ya udaktari aliendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo, na mwaka 2019 akina mama wawili waliofiwa na watoto wao walimshtaki. Kesi ilimalizika mwaka uliofuata kwa makubaliano, bila yeye kukiri kosa. Sitamhukumu hapa. Ninachouliza ni sisi tulikuwa wapi, majirani, viongozi na wakaguzi. Hata makao ya watoto tunayowapeleka wageni kupiga picha yana watoto wengi wenye mzazi aliye hai, aliyekosa karo tu. Na machoni pa sheria za uhamiaji, kazi isiyolipwa nayo huhesabiwa kazi; viza ya utalii si kibali cha kufundisha wala kutibu. Tunaijua sheria hiyo, tunaifumbia macho kwa sababu mgeni ameleta mipira.

Basi nifanye nini, utaniuliza, nikiwa na likizo ya miezi kadhaa na moyo unaowaka? Nenda, ukialikwa. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huohuo Baraza letu la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi; milango iko wazi kuliko ilivyokuwa nilipokuwa na umri wako. Tumia miezi mitatu ya kwanza kujifunza kuzungumza, si kufaulu mtihani. Mjue mchungaji wa kule kwa simu kabla ya kumjua kwa mkono. Akisema wanahitaji mashine ya kukamua alizeti na si kwaya, amini. Kama kuna ukuta wa kujenga, mlipeni fundi wa kijiji na nyinyi muwe vibarua wake, mbebe matofali, mwamkieni asubuhi. Mkifika sokoni nunueni. Kama hayo hayawezekani mwaka huu, hospitali ya rufaa ya hapa mjini ina wagonjwa wasio na wa kuwafulia nguo, umbali wa dakika 20 kwa miguu, na hakuna atakayekugongea muhuri wa pasipoti.

Yule binti wa jikoni alirudi Missenyi peke yake mwaka uliofuata, kwa nauli yake, kwenye arusi ya mtoto wa mama mmojawapo. Hakubeba fulana wala spika. Alibeba kitenge na kilo mbili za sukari. Humpigia simu mama yule mpaka leo, na Kiswahili chake sasa kinanishinda mimi kwa methali.

Wale wanne walioniletea fomu wiki iliyopita, nimeziweka katika droo ya meza yangu. Sijakataa. Nitazisaini mara kila mmoja atakapokuja peke yake na kunieleza, kwa Kiswahili, ni nani aliyewaalika, ni nini kilitokea katika barabara ile mwaka 1978, na fundi wa pale atalipwa na nani.