Kusafisha Kizazi: Chuma au Pampu?



Tumeisikia hoja hii hata katika vikao vya parokia: kwamba kwa kuwa utoaji mimba wa mapema umekuwa mwepesi mikononi mwa wataalamu, neno la Kanisa limepitwa na wakati. Hatuikubali. Wepesi wa chombo haujibu swali la uhai wa nani unaoondolewa. Msimamo alioutetea Papa Yohane Paulo II mwaka 1995 katika waraka wa Evangelium Vitae haukuegemea ukali wa chuma, nasi hatuuegemezi hapo.

Lakini leo tunawageukia walio upande wetu. Wapo wanaotaka pampu ya kunyonya kwa mkono isionekane kamwe katika hospitali zetu, eti kwa sababu ndiyo itumiwayo na watoa mimba. Hoja hiyo ina sura ya uchaji, na ndani yake mna ukatili. Mama ambaye mimba imemharibikia yenyewe katika wiki ya tisa, mabaki yakakwama na damu haikatiki, ahitaji kusafishwa kizazi. Mtoto hayupo tena. Lililobaki ni kumwokoa mama, na hapo njia hazilingani.

Njia ya zamani ni kupanua mlango wa kizazi na kukwangua kwa chuma chenye makali. Mara nyingi hudai nusu kaputi na chumba cha upasuaji. Huongeza hatari ya kutoboa mfuko wa uzazi, ya kuvuja damu, na ya makovu yawezayo kumnyima mama mtoto wa baadaye. Pampu ni mfano wa bomba kubwa la sindano lenye mrija wa plastiki, lisilohitaji umeme. Hunyonya badala ya kukwangua. Ganzi na dawa ya maumivu kwa kawaida hutosha, na mkunga au afisa tabibu aliyefunzwa aweza kuitumia. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2012, likarudia mwaka 2022, kwamba kukwangua kuachwe. Na tukumbushane: chuma hicho kilitoa mimba miaka mingi kabla ya pampu, wala hatukusikia mtu akitaka kitupwe.

Je, na yule aliyeitoa kwa kusudi? Nchini Kenya pekee, watafiti walikadiria kuwa mwaka 2012 wanawake wapatao 120,000 walitibiwa madhara ya mimba zilizotolewa. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote ruhusa ya kuondolea dhambi hiyo. Kitubio hutolewa na padre. Muuguzi hana mamlaka ya kumtoza mtu kitubio kwa kumkwangua bila dawa ya maumivu.

Basi wajumbe wa kamati za afya, katika kikao kijacho ulizeni: pampu ipo? Nani amefundishwa kuitumia? Anayefika usiku wa manane akivuja damu, anapokewa na nani, na huulizwa nini kwanza?