Usisafirie nyota ya mwenzio

Wako wanaodhani kwamba ndege, madhali ina mtambo, haina haja ya kuustahi upepo. Kwa kindege cha kale cha mabawa ya ghorofa mbili, mithili ya Tiger Moth, mimi naliona neno hilo kuwa la hatari.

Tiger Moth iliruka mara ya kwanza Uingereza mwaka 1931, ikaja kuwafunza maelfu ya marubani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mtambo wake ni wa nguvu za farasi 130 tu, na pamoja na watu wawili na mafuta, uzito wake haufiki tani moja. Haikuundwa na breki. Chini ya mkia haina gurudumu, ina kipande cha chuma kinachoburura majanini. Waundaji hawakuwa wajinga: viwanja vya siku zile aghalabu vilikuwa uwanda wa majani, rubani akaweza kuelekea kule upepo utokako. Njia ya lami ilipokuja ilinyooka upande mmoja, nao upepo ukabaki na hiari yake.

Basi upepo ukipiga ubavuni hufanya mambo mawili. Husukuma mkia, pua ikageukia utokako upepo, kama jahazi lisilo na mshika sukani. Tena huingia chini ya bawa la upande wake, likainuka.

Dawa yake inajulikana. Rubani huanza kwa kuilaza fimbo ya kuongozea upande wa upepo, bawa lile likandamizwe, huku miguu ikiukanyaga usukani wa mkia ili ndege inyooke. Mbio zikizidi, fimbo huirudisha kidogo kidogo. Mkia uinukapo ndipo penye mtihani, kwa kuwa ardhi haiushiki tena. Huizuia ndege chini kitambo kuliko desturi, ipate mbio za ziada, kisha huondoka kwa mara moja. Ikirudi kugusa ardhi huku inasukumwa upande, huvunjika miguu au bawa likachota udongo. Ikishakuwa hewani, huielekeza pua upande wa upepo kidogo, ikaenda kimshazari na njia yake ikabaki nyoofu.

Naam, hiyo ndiyo elimu, lakini elimu ina mpaka. Usukani ukikanyagwa hadi mwisho na pua ingali inageuka, hapana ustadi uliosalia. Hapo ndipo ninapogombana na wanaouita woga kule kungoja. Ndege kubwa imeondoka sasa hivi, abiria ametoka mbali, watu wamejipanga kutazama, na rubani anaona haya kuuzima mtambo. Haya hiyo ndiyo inayoua. Manahodha wetu waliingoja kaskazi na kusi kwa miezi, wala hakuna aliyewacheka. Na kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia, si kabla.

Ndugu msomaji, siku rubani wa chombo kidogo atakapokwambia, "Leo hatuendi," mshukuru. Usimwulize mbona mwenziwe kaenda. Mwenziwe ana chombo chake na uzito wake, na nyota yake ni nyingine.