Kusoma kwa intaneti: jiulize mbele ya kulipa



Tangu vita viingie Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, wanafunzi wengi wamekimbia, masomo yamekatikakatika. Sasa wengi wanauliza: tusome kwa intaneti?

Hatusemi hapana. Ila mbele ya kutoa feza, jiulize maswali ine.

Moja: umeme na megabaiti utavipata kila juma, ao utakata chakula ili ufungue video moja?

Mbili: ile diplome, wizara ya masomo ya juu (ESU) itaitambua? Uliza, udai jibu la maandishi.

Tatu: kazi unayotaka inaomba mikono? Uganga na ufundi havijifunzwi kwa simu peke yake.

Ine: nani atakusukuma? Huko hakuna mwenzako wa kukukopesha kaye.

Ukijibu vizuri, ingia. Ukisita, jaribu kwanza kozi moja ya bure.

Na ninyi viongozi: Katiba, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya elimu ya shule. Haki isigeuke bahati ya mwenye megabaiti. Tunawaangalia.