Joto la mtambo wa maziwa laenda bure

Serikali ya Kenya imekuwa ikigawa mitambo ya kupozea maziwa kwa vyama vya ushirika vya wafugaji. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa hukaribia nyuzijoto 37; mtambo huyashusha hadi 4. Joto lake huenda wapi? Hutupwa nje kama hewa moto, sawa na la kiyoyozi cha nyumbani. Halafu kituo hichohicho hulipia umeme au kuni za kupashia maji ya kusafishia tangi!

Dawa ipo: gesi moto ya mtambo ipitishwe kwanza kwenye pipa la maji. Maji hufika nyuzijoto 50 hivi, kuni kidogo humalizia, na mtambo wenyewe hupata nafuu. Ila kuongeza kifaa hicho baadaye ni gharama zaidi. Wanachama, kiulizieni kabla mtambo haujanunuliwa.