Wanaandika juu yetu, lakini hawatuandikii sisi

Miezi hii nimesoma vitabu kadhaa vinavyogusa Kongo yetu, na wengi mmeniuliza kama ni vizuri. Najibu, ila nina hasira kidogo.

Joseph Conrad alipanda mto Kongo mwaka 1890, na Heart of Darkness ikatoka 1899. Anachukia wizi wa pembe za ndovu, hapo namkubali. Lakini Wakongomani ndani yake ni kelele na miguu tu porini. Mwaka 1975 Chinua Achebe wa Nigeria alimjibu katika hotuba, akamwita mbaguzi waziwazi. Ni kurasa chache. Someni Achebe kwanza.

Tram 83 (2014) ni ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi. Baa, wachimba madini, stesheni isiyomalizika kujengwa: lugha yake inacheza kama muziki, na Ulaya wameisifu sana. Mimi nauliza, wanawake wamefanywa nini mle? Wanapita kati ya meza wakiuliza saa, wakijiuza, na wengi wanaitwa vifaranga tu. Walitoka wapi? Kwa nini? Hatuambiwi, na hao ni dada zetu.

In Koli Jean Bofane ndiye aliyenishika. Katika Congo Inc. (2014), Isookanga, kijana wa msituni, anaenda Kinshasa kutafuta utajiri wa utandawazi. Utacheka. Halafu unakutana na Shasha, msichana aliyekimbia vita ya Kivu, sasa anaishi barabarani na mashege. Afisa wa kofia za bluu ananunua mwili wake. Shasha ana jina, ana kumbukumbu, na ana hasira yake mwenyewe. Hiki ndicho kitabu chetu.

Lakini kiko kwa Kifaransa. Mama mhami ambaye binti yake amepita njia ya Shasha hatakisoma. Wasomi fulani wanasema Kiswahili hakibebi hadisi nzito kama hizo. Uongo! Paradise ya Abdulrazak Gurnah, inayovuka hata ziwa Tanganyika hadi upande wetu, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022, ikiitwa Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Na Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kuiagiza serikali izikuze. Imekuza nini?

Kambini tunaletewa karatasi za kipindupindu kwa Kiswahili safi. Basi watafsiri wapo, na pesa ya kuwalipa ipo. Inaonekana mhami anahesabiwa kuwa na tumbo na ugonjwa tu, hana akili ya kusikiliza hadisi.

Na sisi wa redio tusijifiche. Kila jioni tuna nafasi ya mpira wa Ulaya. Tuombe ruhusa kwa Actes Sud, waliochapisha Congo Inc., tusome dakika kumi na tano kwa Kiswahili, tukianza na Shasha. Saa tatu usiku, watoto wakiisha kulala, maana kurasa nyingine ni kali.