Nilidanganywa na masikio yangu, nikakudanganya na wewe

Leo nataka kuungama. Nivumilie mpaka mwisho kabla hujanirushia mawe.

Miaka michache iliyopita niliandika gazetini makala ya kusifia deki moja ya CD ya bei mbaya. Nilikuwa nimekaa dukani saa nzima, nimekaribishwa kahawa, nimewekewa taarab kwenye spika ndefu kuliko mimi. Nikatoka pale nimelewa sauti. Nikaandika kwamba deki ile "inaondoa pazia" kati yako na mwimbaji, kwamba ukishaisikia, deki za kawaida zinakuwa kama chai ya jana. Maneno yenyewe nilikuwa nimeyaokota kwenye majarida ya Wazungu. Makala ikatoka, wenzangu wakanipongeza, nikasahau.

Mzee mmoja wa Upanga hakusahau. Mstaafu, mpenzi wa taarab tangu ujana wake. Alikata kipande kile cha gazeti, akaenda dukani, akalipa shilingi milioni sita kutoka kwenye kiinua mgongo chake. Tulikuja kukutana msibani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu hakuuachia mkono wangu.

"Kijana, ile deki yako nimeinunua. Sasa mbona mimi sioni pazia lolote likiondoka?"

Jamani! Milioni sita za mtu mzima, na kosa ni langu. Nilijaribu kujitetea kwamba pengine waya zake si nzuri, pengine spika. Akaniangalia tu. Nikamwambia, "Mzee, nipe Jumamosi moja nije tuipime mbele yako." Akakubali.

Kabla sijakusimulia ya Jumamosi, tuelewane kwanza deki ya CD inafanya kazi gani, maana wauzaji wanapenda tusielewe.

CD iliingia sokoni Japan Oktoba 1982, na deki ya kwanza ilikuwa Sony CDP-101, bei yake yeni 168,000. Kanuni zake zilipangwa na Sony pamoja na Philips: sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kulia na kushoto, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Hesabu hiyo inatosha kubeba sauti nyembamba hadi hetzi 20,000, ambazo ndizo mwisho wa sikio zima la kijana, na inaacha nafasi ya kama desibeli 96 kati ya kishindo na mnong'ono. Mimi na wewe tuliokulia kwenye kelele za daladala hatuzifikii hata hizo hetzi 20,000.

Kwa hiyo ndani ya CD mna namba tu. Deki ina kazi tatu: izisome namba kwa mwanga wa leza, irekebishe zilizoharibika, kisha izigeuze kuwa umeme wa kwenda kwenye amplifaya. Hapo pa kurekebisha ndipo penye maajabu. Mkwaruzo unaofunika hadi milimita 2.5 za mstari wa namba unazibika kwa hesabu, na namba zinarudi zilezile zilizorekodiwa. Zilezile, si zinazofanana nazo. Deki ya milioni sita haiwezi kusoma namba "tamu" zaidi ya hizo.

Inayobaki ni kazi ya tatu, kugeuza namba kuwa umeme. Hapo zamani palikuwa na tofauti za kweli. Deki za kwanza za Philips zilitumia vigeuzi vya biti 14, na ile Sony ya 1982 ilikuwa na kigeuzi kimoja kilichohudumia kulia na kushoto kwa zamu. Lakini teknolojia haikulala. Vipuri vilivyokuwa vya matajiri vimekuwa vya kila mtu, na leo kigeuzi kizuri unakikuta hata kwenye deki ya bei ya chini.

Haya, turudi Upanga.

Nilikwenda na fundi mmoja wa redio ninayemwamini, mtu asiyependa maneno mengi. Alikuja na deki ya DVD iliyonunuliwa Kariakoo kwa shilingi 90,000, mita ya kupimia umeme, na kidude kidogo alichokitengeneza mwenyewe cha kupunguza nguvu ya sauti kwenye waya. Mimi nilileta nakala mbili za CD moja ya Ikhwani Safaa, ile klabu ya taarab iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905. Fidla, udi na ganuni ni vyombo vinavyoumbua deki mbovu haraka sana.

Deki zote mbili ziliunganishwa kwenye amplifaya moja na spika zilezile za mzee. Fundi akatundika kanga mbele ili tusione anachofanya. Kwanza tukasikiliza kila moja tukiwa tumeambiwa ipi ni ipi. Kisha akaanza kurusha sarafu: kichwa, inapiga ya milioni sita, mwenge, inapiga ya Kariakoo. Sisi kazi yetu kuandika kwenye karatasi.

Raundi kumi za mwanzo nilipata zote. Zote kumi! Mzee alipata tisa. Nilisimama nikataka kucheza. Pazia lilikuwa limeondoka kweli, ganuni ilikuwa mbele kabisa, fidla zina pumzi. Nikamwambia mzee, "Unaona? Sikukudanganya."

Fundi hakujibu. Akaweka diski yenye mlio mmoja wa kupimia, akachomeka mita. Ya Kariakoo ilitoa volti 2, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha deki za CD. Ya milioni sita ilitoa volti 2.5. Ukipiga hesabu ni tofauti ya karibu desibeli 2. Akafunga kile kidude chake kwenye waya za ile ya ghali, akairekebisha mpaka mita ikasoma sawasawa kwa zote mbili.

"Rudieni sasa," akasema.

Tukarudia raundi 16. Nilifumba macho, niliinama, niliomba kimya. Nilipata 7. Mzee alipata 9. Mtu anayebahatisha tu hutegemewa kupata 8. Ili useme kwa ujasiri kwamba umesikia kitu, ungetakiwa upate 12 au zaidi, kwa sababu bahati peke yake inafika huko chini ya mara 4 katika 100. Sisi hatukufika hata karibu.

Fundi akaanza kukusanya waya zake. "Kaka, ulichokisifia gazetini ni nusu volti."

Ndugu msomaji, sijawahi kuaibika vile mbele ya kikombe cha chai.

Sikio la binadamu lina ugonjwa mmoja: sauti ikiongezeka kidogo, halikwambii "imeongezeka", linakwambia "imekuwa nzuri". Ongeza hapo kahawa ya bure, ongeza mlango wa deki unaofunguka polepole kama wa gari la rais, ongeza ile bei uliyoisoma kabla ya kusikiliza. Sikusema uongo nilipoandika. Nilisikia kweli. Ila nilichokuwa nasikia sicho nilichodhani nasikia.

Najua utasema, "Wewe na mzee wako masikio mabovu." Sawa. Basi tuwaache wenye masikio mazuri waseme. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio kwenye jarida la Audio Engineering Society la Marekani. Wao hata hawakulinganisha deki mbili za CD. Walichukua SACD na DVD-Audio, mifumo inayobeba namba nyingi zaidi ya CD, wakawa wanapitisha sauti yake kwenye kiwango cha CD bila msikilizaji kujua ni wakati gani. Wasikilizaji, wakiwemo mafundi wa kurekodi muziki, walijibu mara 554. Walipatia mara 276, yaani asilimia 49.8. Ni kurusha sarafu kabisa. Tofauti ilijitokeza pale tu sauti ilipofunguliwa kupita kiasi kwenye sehemu za kimya, ndipo ukaisikia CD ikivuma kidogo.

Nisiwe muongo mara ya pili, kuna upande mwingine. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alijumlisha majaribio 18 yenye majibu zaidi ya 12,500 kuhusu mifumo hiyo mikubwa. Wasikilizaji kwa jumla walipatia asilimia 52.3, na waliofunzwa kusikiliza walifika kama asilimia 60. Kwa hiyo huenda kuna kitu kidogo kinasikika. Lakini asilimia 52 haiondoi pazia, ndugu yangu. Na hapo ni CD dhidi ya mfumo mkubwa kuliko CD, si deki ya CD dhidi ya deki ya CD.

Kisa kinachonichekesha na kuniuma kwa pamoja ni cha Januari 2010. Tovuti ya Audioholics ilifungua deki ya Lexicon BD-30 iliyokuwa ikiuzwa dola 3,500. Ndani wakakuta deki nzima ya Oppo BDP-83, iliyokuwa ikiuzwa kama dola 500, ikiwa pamoja na chasisi yake, imevalishwa kasha la kifahari. Jiulize: mtu aliyenunua ile ya dola 3,500 alikuwa anasikia nini cha ziada? Kasha.

Basi deki zote ni sawa? Hapana. Zipo zinazovuma kwa sababu ya umeme mbaya ndani, zipo zinazoshindwa na diski yenye mikwaruzo, zipo zinazokufa baada ya mwaka. Deki nzito iliyotengenezwa vizuri inadumu, na inapendeza kuitazama. Mtu mwenye pesa zake akiinunua kwa uzuri wake, nani mimi nimzuie? Mbona tunanunua saa za bei mbaya na simu inasema saa ileile? Ninachokataa ni kumwambia mstaafu kwamba anapata muziki zaidi.

Muziki zaidi upo kwingine. Upo kwenye diski yenyewe. Albamu ya Metallica ya mwaka 2008, Death Magnetic, ilibanwa na kupandishwa sauti kiasi kwamba mashabiki waligundua nyimbo zilezile kwenye mchezo wa Guitar Hero zinasikika vizuri kuliko kwenye CD waliyoilipia. Rekodi ikishaharibiwa hivyo, hakuna deki ya milioni sita wala sitini itakayoitengeneza. Hata hao Meyer na Moran waliona kwamba SACD nyingi zilivutia masikio, kwa sababu waliozitayarisha walifanya kazi kwa uangalifu zaidi.

Na upo kwenye spika na chumba. Jumamosi ile kabla hatujaondoka, fundi alizitoa spika za mzee zilizokuwa zimebanwa pembeni mwa kabati, akazisogeza mbele na kuzigeuza zielekee kwenye kiti chake. Hakubadilisha kingine. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa jikoni muda wote na hakujua tunafanya nini, akachungulia mlangoni.

"Mmefanya nini? Leo naisikia hiyo fidla."

Hakuwa na karatasi wala sarafu. Na ilikuwa bure.

Mzee hakudai pesa zake, wala duka lisingezirudisha. Deki bado ipo sebuleni, inang'aa. Alichoniambia tukiagana ni kwamba ningemwambia zile habari za spika kwenye makala yangu, angebaki na milioni zake. Sikuwa na la kusema zaidi ya "samahani, mzee". Akasema yamekwisha. Kwangu hayajaisha.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria. Siandiki tena kwamba kifaa fulani kina sauti nzuri kuliko kingine kama sijavitambua kanga ikiwa mbele, sauti ikiwa imesawazishwa kwa mita. Nikishindwa, nitaandika kwamba nimekipenda, nitataja na kahawa niliyokaribishwa. Wewe nawe ukiingia dukani, mwambie muuzaji asawazishe sauti, halafu ugeuke ukutani asikwambie ipi inapiga. Akikataa, funga pochi yako uondoke.